Farasi Wangu na Jani la Isale

Katika miaka ya tisini nilikuwa bingwa wa polo mara tatu, na hadi leo nikienda Njoro kunyolewa, kinyozi ananiuliza kama polo ni ule mchezo wa kwenye bwawa. Nimechoka kueleza. Unapanda farasi, anakimbia, nawe unapiga mpira kwa gongo refu. Nilianzia kwenye shamba la kahawa nilikokuwa dereva wa trekta. Mwenye shamba mpya alikuja na farasi wake, timu ikapungukiwa mtu mmoja, basi wakanipandisha mimi.

Vikombe vya mwanzo vyote vilitoka kwa farasi wangu jike, wa kijivu, mkaidi kama mama yangu. Mimi nilipiga tu.

Kwenye polo, anayefuata mpira moja kwa moja ndiye mwenye njia. Katika fainali moja mkulima mmoja Mzungu alinikatia mbele nikiufuata mpira, tukagongana. Farasi wangu akavunjika mguu, na daktari wa mifugo akammaliza palepale. Nililia mbele ya watu. Nikaapa sitaingia tena uwanja mmoja na yule bwana, ingawa wachezaji tulikuwa wachache na kiapo kile kilikuwa sawa na kuacha polo.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, akapanda hadi kwetu Marangu na jani la isale mkononi. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale, huna ruhusa ya kumkatalia msamaha. Sijui nani alimfundisha. Nilichojua ni kwamba nilimwona kwa macho yangu akilichuma kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka mlangoni.

Alimwamkia mama shikamoo. Mimi nikamwambia mama kwamba hilo halihesabiki, hata jani lenyewe ni letu. Mama hakuacha kumenya ndizi.

“Ulitaka akalichume Ulaya? Lipokee, mgeni amesimama.”

Nikalipokea. Tukala naye, nikamuahidi nitarudi uwanjani. Nilirudi, tukapangwa timu moja, na kila aliponisogelea mikono yangu ilikaza hatamu yenyewe. Hasira ilikuwa palepale, mbichi.

Tulishinda msimu ule. Nilipokabidhiwa kikombe niligeuka, kwa mazoea tu, nimpapase farasi wangu shingoni. Hakuwepo. Nyuma yangu alisimama yule bwana, kofia mkononi, analia bila kujificha. Nikampa kikombe akishike, na nikamsamehe.