Wimbo Ambao Jirani Hakutaja Aliyempa

Juma lililopita, Bulengera, niliingia katika duka la kuchajia simu nikasikia wimbo ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto wangu Musienene. Ulitoka katika video kwenye simu ya mwenye duka: mzee mzungu na violini, na watu wakicheza kwa miguu tu, mikono imetulia ubavuni. Nilimwomba aurudishe, maana sikuliamini sikio langu kwa mara moja. Ulikuwa wenyewe. Sehemu ya chini inarudiwa, kisha ya juu inarudiwa, na mapigo yanakwenda matatu matatu kama mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, kwa haraka.

"Ni ya Irlandi, papa, kule Ulaya," alisema. "Weye unaijulia wapi?"

Ninaujulia kwa jirani yetu.

Wewe uliyekulia milimani kwetu unakumbuka msimu wa maharagwe: vumbi la maganda makavu, fimbo zikipiga marundo uani, viazi ndani ya majivu. Jioni, jirani alitoa filimbi yake ya mwanzi. Unakumbuka pia desturi: mpigaji hapigi wimbo mpya bila kutaja aliyempa. Bibi yangu ndiye aliyefungua ngoma. Asipotia mguu, hakuna aliyecheza, na mpigaji hakualikwa tena popote.

Jioni moja jirani alipiga wimbo huo. Bibi alibaki amekaa.

"Nani alikupatia?"

"Hapana mutu, Mama. Nilisikia tu."

"Ulisikia wapi? Kwa bafu, ku makaburi?"

Watu walicheka.

"Lakini Mama, muguu yako inaitaka. Naiona."

"Mimi hapana kula chakula yenye sijue nani alipika."

Aliupiga hadi mwisho mbele ya watu waliokaa. Tangu hapo tulikatazwa kupita karibu na nyumba yake. Wengine walisema kaburi ndilo lililomfundisha. Mwalimu wetu alisema labda ni askari waliomfundisha. Kabla ya mvua alihamia Kasugho, msituni.

Sasa nayapanga yale niliyoyajua bila kuyaunganisha. Jirani alikuwa akikata ua wa miti kwa masista wa misheni. Sista mmoja, aliyetufundisha hesabu, alisema kwao ni Irlandi, na alasiri violini ilisikika ndani ya nyumba yao. Watu wa bustani walikatazwa kukaribia madirisha. Aliyekutwa pale alifukuzwa. Nashuku kwamba jirani alisimama dirishani, makasi mkononi, akaupata wimbo kipande kwa kipande, na kwamba kumtaja sista kungemwachisha kazi. Akanyamaza ili kazi ibaki, na mwisho akaiacha kazi na kijiji pamoja. Nashuku tu. Shahidi sina.

Chini ya video ile kulikuwa na maandishi ya Kifaransa. Nikayasoma. Kabla ya kuanza, yule mzee anasema wimbo huo alipewa na jirani yake, naye jirani aliupata kwa mama yake, aliyeutunga hajulikani. Basi hata kwao mpigaji humtaja aliyempa.

Bibi alikufa akiamini ni wimbo wa wafu. Musienene maharagwe bado yanapigwa, lakini fimbo zikitulia kila mtu anarudi kwake. Kama kuna mtu Kasugho ambaye angali anaupiga wimbo ule, nataka kujua jambo moja tu: anamtaja nani?