Siku Tuliyompeleka Mama Kuona Samaki

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la binti yangu, aliyesikia shuleni Awendo kwamba mjini Homa Bay kumefunguliwa nyumba ya samaki wa baharini, samaki wa rangi wanaokaa nyuma ya vioo na kuangaliwa na watu. Akanisumbua muhula mzima. Mimi nilikulia Sori, ufuoni mwa ziwa. Samaki nimewabeba kichwani, nimewaparua, nimenuka samaki hadi mwalimu akanihamishia dirishani. Kulipa kiingilio ili niwatazame tena niliona ni kichekesho. Lakini likizo ilikuwa ndefu na mtoto hachoki, kwa hiyo nikaazima gari la mwalimu mwenzangu na kuamua kuwapitia baba na mama, angalau safari iwe na maana.

Baba hakuwa na shida. Shida ilikuwa mama. Mama aliuza samaki ufuoni Sori tangu kabla sijazaliwa, kisha akaacha ghafla, bila kuwaaga hata wateja wake, mdogo wangu alipopotelea ziwani. Mtumbwi wake uliokotwa ukielea upande wa Tanzania, nyavu zimo, injini haimo, mwenyewe hayumo. Ufuo mzima uliacha kuvua ukamtafuta. Kwa kawaida ziwa humrudisha mtu baada ya siku chache, hata kama hatazamiki. Yeye hakurudishwa.

Tangu hapo mama anauza nyanya, na ana maelezo yake. Kijana aliokolewa na wavuvi wa ng'ambo. Injini ilikuwa ya watu, kwa hiyo anaona haya kurudi mikono mitupu. Siku moja ataingia langoni na injini begani. Kila wiki mama hufagia simba yake, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa, na kulianika godoro juani.

Kwetu mtu ambaye mwili wake haukupatikana haachwi hivi hivi. Hutafutwa tunda la yago, lile refu la kijivu linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba, likafungwa shuka na kulazwa kaburini badala yake. Watu hulia, hula, huenda zao. Bila hivyo, wazee husema, marehemu hana pa kukaa na walio hai hawana pa kulilia. Baba alikuwa ameshaleta yago nyumbani mara mbili. Mara zote mbili mama alilibeba mwenyewe, na lile tunda huwa na uzito wa mtoto mchanga, akalitupa nje ya ua. Mara ya pili alimwambia baba kwamba akileta jingine, yeye atarudi kwa kaka zake. Wakawa hawaongei ila juu ya ng'ombe. Mimi nilikuwa upande wa baba. Sikuwahi kumwambia mama, lakini alijua, na akawa ananijibu kwa heshima ile anayomwekea mgeni.

Alikubali kuja kwa ajili ya mjukuu tu.

"Dani, kuna samaki wa rangi ya chungwa!" binti yangu alimwambia garini.

"Twende tuone ni nani aliyewapaka," bibi yake akamjibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ukumbi wa mabati wenye giza kidogo, vioo vikubwa pande zote, na sauti ya mashine za kupuliza hewa majini. Mhudumu, mama wa makamo aliyevaa aproni ya plastiki, alitueleza kwamba maji ni ya bomba, ila yametiwa chumvi ya pekee, maana samaki wa baharini hawawezi maji yetu. Baba alicheka sana. Hatua chache kutoka hapo lilikuwapo ziwa zima, na hawa wanajipikia maji yao.

Basi tukaangalia. Kulikuwa na samaki wembamba wa manjano, wengine wenye mistari, na mmoja bapa wa bluu aliyekaa peke yake kwenye jiwe kama ameudhiwa. Walikuwa wazuri, lazima niseme, wazuri kupita kiasi kwa kiumbe anayeliwa. Baba aliwasoma midomo. Huyu mdomo umeelekea chini, anakula matopeni. Huyu anao mdogo, ndoano yako itamtoboa jicho. Mtoto akamwambia hawa hawavuliwi. Baba akasema kila samaki huvuliwa, ila hawa hawajakutana naye.

Mama alikwenda polepole, mikono mgongoni. Mbele ya kioo cha tatu mikono ikamtoka mgongoni. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye shavu la samaki ili kulifunua aone kama ndani ni pekundu, jinsi alivyofanya ufuoni maisha yake yote, kikagonga kioo. Akamgeukia mhudumu.

"Hii ni ya leo ama ya jana?"

Mhudumu alicheka. Mama pia alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, nami nikadhani tumefanya jambo la maana. Nilijipongeza mapema mno.

"Na ikikufa," mama akauliza, "nyinyi mnapeleka wapi? Mnazika?"

"Hatuzikangi, mama. Mara mingi hatupatangi kitu. Ikikufa usiku, wenzake wanakula. Asubuhi nikikuja napata maji iko safi tu."

"Hata mfupa?"

"Hata mfupa. Mimi najua tu imekufa, juu nikihesabu, nakosa moja."

Mhudumu alisema hayo huku akipangusa kioo. Hakuwa na kosa lolote, aliulizwa akajibu. Nilimtazama baba. Alikuwa ameacha kusoma midomo. Niliogopa kwamba mama ataanguka, au atapiga kelele, nikaanza kutafuta kwa macho pa kumkalisha. Mama hakuanguka. Alibaki pale akiwatazama wale samaki wakipita, wanono, hawana habari na mtu. Binti yangu alimshika mkono akitaka kumvuta kwenye kioo kingine, mama akamwambia ngoja, bado naangalia. Aliangalia kwa muda mrefu hata watu wengine wakaanza kutuzunguka.

Nje tulikaa kwenye benchi la saruji, jua kali, mtoto akinywa soda. Nilimhurumia mama kiasi cha kushindwa kumtazama. Ndipo akamsemesha baba, kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ule yago wa kule mtoni bado unazaa?"

Baba akamgeukia. "Unazaa."

"Yale uliyoleta yalikuwa mafupi," mama akasema. "Yote mawili. Ulikuwa unaokota tu yaliyoanguka. Safari hii panda mtini mwenyewe, uchague. Mtoto wangu alikuwa mrefu."