Bi Mahfoudha Aliyeanua Nguo

Siku Humaid alipomwona Bi Mahfoudha kwa mara ya kwanza, bibi huyo alikuwa anaanua nguo mbichi. Humaid alikuwa amepeleka boza la maji nyumbani kwa Yaarub, mwana wa bibi huyo, pale Ibra, Oman, na ndiyo kwanza anavuta mpira kuufikisha kwenye tangi. Ndege ikapita juu, mbali sana, inang'aa kama sindano. Bibi akaitupa fimbo yake, akaanza kuzivuta kanzu kambani, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Mbingu ilikuwa kavu, hamna hata kiwingu cha kusingizia.

Humaid ni mtu wa haya, hata salamu huitoa akitazama chini. Hakuuliza. Aliuacha mpira, akamsaidia kuanua.

"Shikamoo, bibi," alisema beseni lilipojaa.

"Marahaba. Kiswahili umekipata wapi wewe?"

"Bujumbura. Nimezaliwa huko."

"Ndiyo maana. Kiswahili chenu kimevaa viatu vya jeshi." Akacheka peke yake. "Mwenye boza wa kabla yako alinicheka. Wewe hukunicheka."

Tangu hapo, kila akileta maji alikuta kahawa na tende zinamngoja, na maneno ya bibi, kidogo kidogo.

Bi Mahfoudha alizaliwa kijijini chini ya mlima wa Jabal Akhdar, upande wa Nizwa. Udogoni mwake Imamu na Sultani walipigana, na Waingereza wakamsaidia Sultani kwa ndege zao. Watu wa kijiji wakahamia mapangoni. Mchana moto hauwashwi, na nguo nyeupe haianikwi, maana rubani huiona. Ikisikika ndege, kila mwanamke huanua alichonacho.

Asubuhi moja mama yake alirudi nyumbani kumwogesha mtoto mchanga, naye Mahfoudha akamfuata. Akafua mawinda ya mdogo wake, nepi nyeupe za kitambaa, akayaanika ukutani yapate jua. Mama hakuyaona. Akamtuma maji kwenye falaji, ule mfereji wa wazee unaotoka mlimani. Mtungi ulikuwa haujajaa aliposikia mngurumo. Aliporudi, nyumba hakuikuta. Alikuta vumbi.

"Waliwazika mimi nimefichwa pangoni," alimwambia Humaid. "Baba akanichukua, tukakimbilia Unguja kwa ami yangu. Na huko nako wapo. Wale wale. Siku ya kuzaliwa malkia wao tunapangwa mstari shuleni, tunapewa vibendera tupunge, na peremende. Wallahi nilipunga. Nikaila na peremende, na ilikuwa tamu."

Mapinduzi yalipofika Unguja, Waingereza walikuwa wameshakunja bendera yao mwezi uliotangulia, wamekwenda zao. Baba yake hakutoka hai. Yeye alirudi Oman baada ya miaka, keshakuwa mke wa mtu, akakaa Ibra kwa mumewe, akamzaa Yaarub. Kijijini kwao hakurudi tena.

Alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: asimame kwenye kaburi la mama yake amwombe radhi kwa yale mawinda. Yaarub, afisa wa serikali aliyesoma Uingereza, hakutaka kusikia. Siku moja Humaid akikunja mpira aliwasikia barazani.

"Mama, hayo khalas, yamekwisha. Wale leo ni marafiki zetu. Unakwenda kufukua nini?"

"Simfukui mtu. Namwomba radhi mama yangu."

"Utamwomba akhera."

"Na asiponisamehe huko, nitakwenda wapi tena?"

Yaarub akaingia ndani. Alipokwenda harusini mjini Sur, Humaid alikuja na gari lake mwenyewe, akamfungulia bibi mlango, wakaenda kijijini kwao.

Kijiji kilikuwa kuta za udongo tu, nyingine zinafika kifuani. Mzungu na mkewe walikuwa wanapiga picha. Wakamwamkia bibi kwa Kiarabu cha kujifunza, naye akawaitikia kwa adabu. Mzee Sinan, aliyekuwa anakaa jirani na magofu, akawaongoza makaburini. Njiani aliwaonyesha falaji ilipopasuliwa kwa bomu, na visiki vya mitende iliyokufa kwa kiu baadaye.

Makaburi yalikuwa mawe tu, hayana majina, kama ilivyo desturi ya huko.

"Mama yangu yupi?" aliuliza Bi Mahfoudha.

"Dada yangu, mwaka ule walizikwa kwa haraka," alisema Sinan. "Waliokuwa wakijua wamekufa."

Bibi akaingia kati ya mawe. Akainama, akagusa, akasikiliza, akaenda kwenye jingine. Jua likampiga, hakujali. Humaid alimfuata, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Bibi," alisema, "hata falaji waliipiga. Falaji haikuanika nguo."

"Wewe hukuwepo, mwanangu."

Wakarudi Ibra magharibi. Yaarub alipojua, alitafuta boza jingine, na Humaid hakuuona tena mlango wa nyumba ile mpaka alipokwenda kwenye matanga ya bibi. Kwa hiyo alichobaki nacho ni maneno ya magharibi ile, bibi akiwa ameshuka garini, mkono mmoja bado umeshika mlango.

"Nilidhani nikifika nitamjua."