Maji Yaliyochujwa ya Yustina

Yustina, muuza juisi ya ukwaju pale Chamazi, aliamini kuwa maji yanayong'aa ni maji salama. Kila asubuhi aliyapitisha maji ya kisima kwenye ndoo ya mchanga na kokoto, kisha kwenye kitambaa cheupe, basi. Kuchemsha alikuwa ameacha, eti kunamchelewesha kufungua. Huo ni uvivu, tusiutafutie jina zuri.

Aliposikia kwamba bwana afya anakagua vibanda, na viwili vya mtaa wa pili vimeshafungwa, alichukua kipande cha boksi akaandika kwa herufi kubwa: MAJI YETU YAMECHUJWA.

Twalib, mchonga vinyago na mteja wake wa kila siku, alisoma akaguna.

"Mgombea wetu wa mtaa naye alichujwa, akarudi kwao kulala. Sasa dada Yustina, yaliyoshindwa ndiyo unatunywesha sie? Yaliyopita unampa nani?"

"Kaka Twalib, kunywa uondoke, wenzio wanangoja."

Watu walikuwa bado wanacheka bwana afya, Revelian, alipotokea na faili kwapani. Akasoma boksi.

"Yamechujwa, vizuri. Yametibiwa?"

"Kwani yalikuwa yanaumwa?"

Kicheko kikaanza upya. Revelian naye alicheka, kisha akauliza, "Siku ya mechi, mlinzi wa geti anamzuia nani?"

"Asiye na tiketi," Twalib akadakia.

"Na kunguni aliyejificha kwenye shati la mwenye tiketi?"

"Huyo anaingia bure!"

"Ndiyo kuchuja huko. Mchanga unazuia tope na takataka. Kijidudu cha kuhara ni kidogo mno, kinapita. Kutibu ni kukiua, kwa kuchemsha au kwa dawa ya maji. Haya, dada, umeyachemsha?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Yustina alilitazama faili, akamtazama Twalib aliyekuwa na glasi mdomoni.

"Sijachemsha. Wiki ya tatu sasa."

Twalib akaishusha glasi taratibu.

"Ungesema ndiyo ningekufungia," alisema Revelian, "maana jiko lako naliona, lina utando wa buibui. Mwaga juisi yote. Chemsha mbele yangu, na yatokote kwelikweli, usidanganywe na mvuke."

Ndoo mbili za juisi zikamwagwa. Wateja wengi waliondoka wakinung'unika. Twalib alibaki, akapepea mkaa kwa mfuniko wa sufuria huku akimsuta Yustina mpaka maji yakatokota. Revelian alifunga faili bila kuandika amri ya kufunga kibanda, akaagiza glasi moja ya juisi mpya.