Chai Baada ya Lakiri

Marehemu Mwalimu Bernadina Tluway hakuwahi kunywa chai ya mwenyeji siku ya mtihani. Si chai, si maziwa, hata maji ya kunywa alibeba yake. Alifika shuleni na chupa yake ya chai na makande yake kwenye bakuli lenye mfuniko, akala akiwa ameketi juu ya sanduku la mitihani kama kuku anayeatamia. Walimu wenzake wilayani Ngorongoro walimpa jina, Mama Chupa, na aliposikia akacheka pamoja nao. Kisha akaijaza chupa yake na kuondoka.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza wa kusimamia mtihani wa darasa la saba, wenyeji walichinja mbuzi, na yeye na msimamizi mwenzake wakaenda kula. Nyumba ya mwenyeji haikuwa mbali. Waliporudi, bahasha ya mtihani wa kesho yake ilikuwa imepasuliwa ubavuni kwa wembe, na lakiri yake nyekundu bado imekaa pale juu kana kwamba hakuna lililotokea. Watoto wote wa shule ile walifutiwa matokeo. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani mapema kuliko wote, akapiga magoti, akamwambia Mungu: "Tulikula mbuzi mmoja, na mbuzi akala darasa zima. Sitakula tena kabla bahasha ya mwisho haijafungwa." Akaishika nadhiri hiyo mpaka alipostaafishwa na ugonjwa.

Mwaka 1983, mwezi wa Septemba, alipangiwa shule moja ya kata ya Enguserosambu. Walitoka Wasso kwa Landrover ya serikali, yeye na sanduku lake nyuma, na Konstebo Marijani mbele na bunduki yake. Marijani alikuwa kijana wa Karatu, mtoto wa mwenye duka, na njia nzima alilalamikia vumbi.

"Mwalimu, mimi nilijiunga na polisi nikamate wezi," alisema. "Sasa nalinda hesabu za kugawanya."

"Hizo hizo ndizo wezi wanazozitaka, mwanangu. Angalia mbele."

Shuleni walipokelewa na mwalimu mkuu, Piusi, kijana mwembamba mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Pembeni yake alisimama mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Tobiko, na fimbo yake begani. Tangu shule ile ifunguliwe, hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kuchaguliwa kwenda sekondari. Watu walikuwa wameanza kumwuliza Tobiko kwa nini aliwashawishi watoe watoto wao machungani. Na mwaka huo binti yake mwenyewe, Naishiye, alikuwa darasa la saba.

"Takwenya, yeyo," Tobiko alimsalimu Kimaasai, kama anavyosalimiwa mama.

"Iko," Bernadina aliitikia.

"Nyumbani kuna maziwa. Na kuna mbuzi, ananitazama vibaya tangu jana, anajua umekuja."

"Mwambie mbuzi astarehe, mzee. Nitakunywa maziwa yako siku bahasha ya mwisho ikipigwa lakiri."

Tobiko alishusha fimbo begani. Kwa watu wake, mgeni anayekataa maziwa anakuwa amesema neno zito. Piusi aliingilia kati haraka: "Ndivyo alivyo, mzee. Hata kwao Karatu hali kwa mtu siku za mtihani."

Kesho yake asubuhi watoto waliingia darasani, kila mmoja kwenye dawati lake, mbali na mwenzake. Bernadina aliinua bahasha ya Hisabati juu ili wote waione. Aliwaita watoto wawili mbele, wakaigusa lakiri kwa vidole, wakasema ni nzima. Mwalimu mkuu naye alikuwepo kushuhudia, kama utaratibu ulivyotaka. Bahasha ikafunguliwa. Bernadina alipita akigawa karatasi, na Piusi, kwa wema wake, akazikusanya zile zilizobaki na kuzipanga vizuri mezani. Kisha akaaga, akatoka, mlango ukafungwa. Marijani akasimama nje, mbele ya mlango huo.

"Anzeni. Mungu awasaidie."

Kalamu zilikwaruza. Baadaye kidogo, nyuma ya darasa, sauti ya mwanamume iliita kwa kirefu: "Naroook!"

Bernadina hakushtuka. Umaasaini kuita ng'ombe ni kama jogoo kuwika. Narok ni jina la ng'ombe mweusi, hata yeye alilijua. Punde sauti ikaita tena: "Naibooor!" Huyo ni mweupe. Safari hii aliona jambo. Vichwa vya watoto viliinuka pamoja, vikainama pamoja, kama mtama uliopitiwa na upepo.

Akasogea taratibu mpaka dirishani.

Nyuma ya darasa kulikuwa na uwanja mkavu, hauna hata unyasi wa kumdanganya mbuzi. Ng'ombe wanne walikuwa wamefungwa kwenye vigingi: mweusi, mweupe, mwekundu na mmoja wa mabaka. Mbavu zilihesabika. Ndimi zilikuwa nje. Mzee Tobiko alisimama katikati yao, na nyuma yake mlango wa ghala la shule ulikuwa wazi kidogo.

Sasa, Bernadina alikuwa amechunga. Baba yake, Mzee Tluway, hakujaliwa mtoto wa kiume kwa muda mrefu, basi binti huyu alifuata mikia ya ng'ombe kwenye miinuko ya Karatu hadi akachelewa kuanza shule, akaingia darasa la kwanza akiwa mrefu kuliko kizingiti. Kwa hiyo alijiuliza swali la mchungaji. Septemba, ukame umekaza, saa nne asubuhi: ng'ombe anatafuta nini hapa? Saa hizi ng'ombe yuko njiani kwenda majini. Hakuna mwenye mifugo anayemfunga ng'ombe wa maziwa juu ya vumbi, labda awe amempa kazi nyingine.

"Keriii!" sauti ikaita. Huyo ni wa mabaka. Vichwa vikainama. Ng'ombe wanne, na kila swali la mtihani lina majibu manne ya kuchagua.

"Kalamu chini," alisema Bernadina. "Pindueni karatasi. Mikono juu ya dawati."

Alikwenda mezani, akahesabu karatasi zilizobaki. Moja haikuwepo. Hakutoka darasani. Alifungua mlango kidogo.

"Marijani, zunguka nyuma. Kuna ng'ombe wanne. Wafungue, wapelekwe majini."

"Mimi, mwalimu? Mimi mtoto wa dukani. Ng'ombe namjua akiwa sufuriani."

"Basi mlete mwenye ng'ombe dirishani. Kisha nenda ghalani, umwambie mwalimu mkuu nataka karatasi yangu."

Tobiko alikuja dirishani na kichwa juu.

"Mwalimu, unanifukuzia ng'ombe kwenye ardhi yangu?"

"Ng'ombe wako wana kiu, mzee."

"Ni ng'ombe wangu."

"Nami nasema wana kiu. Kama ulikuwa unataka kuita majina, ungeita tu. Kwa nini uwatese viumbe wa Mungu?"

"Niite ng'ombe ambaye hayupo?" Tobiko alikasirika kwelikweli. "Unataka wafe? Jina la ng'ombe haliitwi hewani! Nilimwambia hata Piusi, ukitaka niite, lazima nao wawe..."

Akakatiza hapo. Neno lilikuwa limekwishatoka, na darasa zima lilikuwa limelisikia. Kwenye dawati la mbele, Naishiye aliuficha uso kwa viganja.

Tobiko alimtazama binti yake. Halafu akawatazama ng'ombe wake, na hapo ndipo mabega yake yaliposhuka. Akaenda kufungua kamba, mmoja baada ya mwingine, bila kuita jina.

Piusi aliletwa mlangoni na karatasi mkononi. Pasi ya suruali ilikuwa imekunjamana. Alisema kwa sauti ya chini:

"Dada yangu, nimekosa. Lakini tazama, ni maswali matatu tu. Ukiandika, watafutiwa wote. Hawa watoto hawajawahi kupata nafasi hata moja. Nyamaza, Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," alisema Bernadina. "Ndiyo maana siwezi kunyamaza."

"Basi utawaua wewe, si mimi."

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa aliliona tena lile darasa lililoliwa na mbuzi. Angenyamaza, watoto hawa wangepita na jambo hili na hakuna ambaye angejua. Lakini akifikiri hivyo, aliwaona pia watoto wa shule nyingine, waliokaa na hesabu zao bila ng'ombe wa kuwasaidia. Nafasi ya mtoto mmoja ni ya mwingine aliyeikosa. Alisimama pale, midomo ikitikisika kwa Baba Yetu fupi. Kisha akarudi mbele ya darasa.

"Watoto, sikilizeni. Pigeni mstari juu ya majibu ya swali la kwanza, la pili na la tatu. Msiyaandike tena. Haya mengine ni yenu. Hakuna ng'ombe atakayewasemea, na hakuna atakayewanyang'anya. Muda uliopotea nitaurudisha wote. Geuzeni karatasi."

Hakuna aliyesogea. Ndipo Naishiye akaigeuza yake, akapiga mstari, akainama. Na wengine wakamfuata.

Siku zote zilizobaki Bernadina alikula makande yake ya baridi juu ya sanduku, na kijiji kilipita mbali naye. Wanawake hawakumsalimu. Mtu alimwambia Marijani, huku akijua mwalimu anasikia, kwamba Mama Chupa hana mtoto ndiyo maana hana huruma. Bernadina alikuwa na watoto watatu Karatu, wanalelewa na mama yake. Jioni ya siku ya mwisho alipiga lakiri bahasha ya mwisho, nta ikadondoka kama damu kwenye karatasi, na hapakuwa na mtu wa kumkaribisha chai. Akamimina iliyobaki chupani, akanywa na Marijani.

"Mwalimu, kweli utaandika?" Marijani aliuliza.

"Nitaandika yote. Kwamba karatasi iliibwa mikononi mwangu, kwamba maswali matatu yalisikika, na kwamba yaliyofuata watoto waliyafanya wenyewe, nikiwatazama."

"Watakulaumu wewe uliyeibiwa."

"Wanilaumu. Nani alimwachia mwenzake meza?"

Aliandika. Alipoitwa kuhojiwa, alisema yale yale, kwa mpangilio ule ule, na walipomwuliza anataka nini, alisema: "Wasahihishwe kwa walichofanya. Wasipewe walichopewa, wasinyang'anywe walichokifanya." Alipewa karipio la maandishi kwa uzembe, akalipokea kwa mikono miwili. Piusi alihamishwa. Ikaamuliwa kwamba maswali yale matatu yasihesabiwe kwa shule ile, na mengine yasahihishwe kama ya watoto wengine.

Kisha ikabaki kungoja. Miezi yote hiyo Bernadina alifunga kila Ijumaa kwa ajili ya watoto wale. Majina yao aliyajua kwa kichwa, akawataja mmoja mmoja.

Majibu yalipotoka, mtoto mmoja wa shule ile alikuwa amechaguliwa. Naishiye binti Tobiko. Kijana aliyemfuata alikosa kwa alama chache sana, na hakuna wa kusema kama yale matatu yangemfikisha. Bernadina hakujidanganya juu ya hilo. Aliendelea kumwombea kijana huyo kwa jina mpaka siku aliyokufa yeye mwenyewe, na wa nyumbani kwake walilizoea jina lile kwenye rozari kana kwamba ni la ndugu.

Wiki ile ile, Mzee Tobiko alionekana Wasso, amekuja kwa miguu, kibuyu kimening'inia begani. Alimkuta Bernadina anapepeta mahindi nje ya nyumba ya walimu. Akasimama mbali kidogo, kama mtu asiye na hakika kama atakaribishwa.

"Takwenya."

"Iko. Karibu, mzee."

Alikaa juu ya gogo.

"Watu wameniuliza nilitumia ng'ombe gani kumpitisha Naishiye," alisema. "Nikawaambia, mwulizeni Mama Chupa, ng'ombe wote walikuwa majini. Wakanyamaza. Angepita kwa sauti yangu, wangesema hivyo mpaka anazeeka."

"Akili ni yake, mzee."

"Ni yake." Akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Unajua aliniambia nini jioni ile? Sikuwa nimekaa hata kwenye kigoda. 'Baba,' anasema, 'kwanza Keri alikosea. Jibu la swali la tatu lilikuwa ng'ombe mwekundu.' Yule Piusi! Alinifanya niwafunge ng'ombe juani, na hesabu yenyewe hajui!"

Bernadina alicheka mpaka akaweka ungo chini.

Tobiko alifungua kibuyu, akakifuta mdomo kwa kiganja. Lakini hakumpa. Alichungulia kwanza mlangoni, kushoto na kulia, kama askari anayepekua.

"Humo ndani hakuna bahasha?"

"Hakuna, mzee. Zote zilishapigwa lakiri."

"Basi kunywa," alisema, akamnyooshea. "Ni maziwa ya Keri. Anataka kuomba radhi."

Bernadina alifanya ishara ya msalaba, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.