Miguu Chini ya Shuka za Mama Zuhura

Juzi mjukuu wangu alikaanga vitunguu vikamuungulia kidogo, na harufu ile ikanipeleka moja kwa moja mpaka mnada wa Katesh, kwenye sufuria kubwa la Mama Zuhura. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie nikipotea njia.

Darasa letu halikuwa na madirisha, ni matundu tu. Upepo wa Mlima Hanang ukishuka, madaftari yanaruka, nasi tunakohoa kama mbuzi. Mwalimu Safari akakubaliana na Mama Zuhura, mwenye hoteli ya chai pale Katesh: sisi tulete mahindi, maharage na kuni, yeye atoe sufuria, mafuta na benchi, tuuze makande siku ya mnada. Sufuria likiisha, fundi anaanza madirisha. Lisipoisha, tunaingia msimu wa baridi hivyo hivyo.

Baba yangu alisimama mbele ya wazazi wote akasema, "Makande ya kununua? Mimi simo." Mahindi yangu nikapewa na mama, kimya kimya.

Siku ya mnada tuliita mpaka sauti zikakauka. Mama mmoja akatucheka: "Nimeacha makande nyumbani, niyafuate mnadani?" Wanaume walipita, wakanusa, wakatazama huku na huku, wakaondoka. Nikashangaa sana. Mtu ananusa vile, halafu haketi?

"Si kwamba hawana njaa, Mwalimu," Mama Zuhura akasema. "Wana haya. Nani atatafuna hadharani, mkwe wake akipita?"

Akaleta shuka mbili, akazitundika mbele ya benchi. Ziliishia magotini.

Weee! Benchi likajaa. Kazi yangu ilikuwa kupitisha sahani chini ya shuka, kwa hiyo wateja niliwajua kwa miguu tu. Mimi na rafiki yangu Paskalina tukawa tunakisia. Gambuti zenye samadi, huyu kauza ng'ombe. Viatu vya ngozi, huyu kanunua.

Jua likaanza kushuka, watu wanafunga mizigo, na chini ya sufuria bado kuna makande. Hapo ikaja miguu yenye katambuga za tairi, ya kushoto imekazwa kwa waya mwekundu. Waya ule nilimshikia baba mimi mwenyewe alipokuwa akiukaza! Sahani ikarudi tupu. Kidole kikagonga benchi: nyingine. Nayo ikarudi tupu. Ya tatu tuliipata kwa kukwangua.

"Kumbe baba yako mlafi!" Paskalina akaninong'oneza. Nikacheka mpaka nikakohoa.

Kesho yake baba alishinda amejikunja juani, anakunywa maji ya moto, anasema ni baridi. Nikamwamini. Madirisha yakawekwa, na harufu ya zile mbao mbichi naikumbuka kuliko masomo yenyewe.

Miaka ikapita. Nimeshakuwa na watoto, siku moja nawapakulia wazazi wangu makande, mama akanishika mkono: "Mwondolee baba yako maharage. Tangu ujana wake yanamchoma tumbo."

Nilibaki na upawa hewani. Mimi niliyechungulia miguu ya mnada mzima, sikuwahi kuchungulia sahani ya baba yangu pale nyumbani.

"Baba," nikamwambia, "zile sahani tatu za Katesh..."

"Sahani zipi?" akauliza, na taratibu akairudisha miguu yake chini ya kigoda.