Mama na Gia ya Nyuma

Jumanne tulimzika mama. Leo, nikiwakaangia waombolezaji maandazi, mafuta yaliungua, na harufu ile ikanirudisha kwenye gereji moja ya Isaka, nikiwa bado sijaanza shule.

Gari letu la otomatiki, ambalo mama alilitumia kuwapelekea madereva wa malori maandazi, lilikataa kurudi nyuma. Fundi mkuu, mzee wa kumzaa mama, alisema gia boksi imekufa, tuliuze kama chuma chakavu. Mama akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, akakinusa.

"Oili imeungua, baba. Imwage."

"Mama, hili si karai la maandazi!" Mafundi wakacheka.

"Mafuta yakiungua namwaga mafuta. Karai silitupi. Fungua!"

Oili ilitoka nyeusi kama lami. Wakasafisha chujio, wakamimina oili mpya, nyekundu kama juisi ya rozela, wakapima kiwango chake huku injini ikiunguruma. Mama akaingiza gia ya nyuma. Gari likatetemeka, kisha likaenda. Tulizunguka uwanja mzima kinyumenyume, mafundi wakiruka kando, mimi nikipiga vigelegele dirishani.

Yule mzee akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika mama, akaendelea kurudi nyuma.